Orodha yetu ya kuzuia matangazo imefika majina 280,000 na malalamiko hayaishi. Nianzie wapi?

Swali: Miaka minne iliyopita mimi na wenzangu watatu tulianzisha orodha ya vikoa, yaani majina ya tovuti na seva, vya matangazo na vya ufuatiliaji. Watu huiweka kwenye rauta, kwenye Pi-hole (programu ya kuchuja majina kwa mtandao wa nyumba nzima), wengine kwenye simu. Leo ina majina 280,000. Wenzangu wawili wamejitoa, maombi ya kuongeza majina yamelundikana, na kila wiki kuna anayelalamika kwamba kitu fulani hakifunguki. Nimewaza niifunge, au nichukue tu orodha kubwa za wengine niziunganishe, niachane na kazi hii. Wewe umekaa na mambo haya muda mrefu. Ungeanzia wapi?

Jibu: Ndugu yangu, pole na mzigo. Mimi ningeanza kufuta. Sisemi uifute orodha, nasema ufute majina. Tunaoanzisha orodha hizi huamini kwamba kazi ni kuongeza: jina limeonekana kwenye kumbukumbu za maombi, linanuka matangazo, ingiza. Baada ya miaka minne unajikuta umekaa juu ya jaa. Hujui kilichomo kiliingiaje, na kila ukitaka kuchomoa kimoja unaogopa kingine kitaporomoka.

Idadi ya majina ndiyo hutajwa kwanza kwenye maelezo ya orodha yoyote, nayo haielezi chochote. Wafanyabiashara wa matangazo hununua vikoa vya muda, huvitumia mpaka vizuiwe kila mahali, kisha huvitupa na kununua vingine. Orodha inayoongezwa bila kupunguzwa huishia kulinda makaburi.

Kabla sijaeleza namna ya kufuta, tukubaliane orodha yako inafanya nini hasa, maana malalamiko mengi unayopata chanzo chake ni hapo. Simu ikitaka kufungua ukurasa huiuliza seva ya DNS: jina hili lina anwani gani? Orodha yako humfanya mjibu aseme 0.0.0.0, anwani isiyofika popote, au aseme jina hilo halipo. Basi. Haioni ukurasa, haioni kinachofuata baada ya jina, haijui kama kilichoombwa ni tangazo au picha ya bidhaa. Sheria za EasyList, orodha maarufu ya kuzuia matangazo, ambazo hufanya kazi ndani ya kivinjari, zinaweza kusema "zuia skripti hii pale tu inapoitwa na tovuti nyingine", au kuficha kisanduku kimoja na kuacha ukurasa uliobaki ulivyo. Wao wana wembe, wewe una panga. Kwa hiyo kipimo chako cha kuingiza jina lazima kiwe kikali kuliko chao. Maombi ya aina ya "zuieni matangazo kwenye tovuti ya video fulani", ambako video na matangazo hutoka kwenye seva zenye majina yale yale, yajibu kwa sentensi moja: kwa njia hii haiwezekani. Usijaribu. Nimeona orodha nzuri zikiharibika kwa kujaribu.

Kuna jambo hunichekesha kila nikilikumbuka. Kabla ya DNS, kompyuta zote za mtandao wa ARPANET zilitegemea faili moja ya majina, HOSTS.TXT, iliyotunzwa Stanford Research Institute na kunakiliwa na kila aliyeihitaji. Ilikua, ikachelewa kusasishwa, nakala zikatofautiana, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS ili kuondokana nayo. Sisi leo tumeirudisha faili ile ile kwa mlango wa nyuma, na magonjwa yake yote tumeyarithi.

Sasa nikwambie nilichojifunza kwa kuumiza watu. Miaka kadhaa iliyopita nilipokea ombi la kuongeza jina lililokuwa likihesabu nani amebofya kiungo gani kwenye barua pepe. Ufuatiliaji mtupu, hakuna wa kubisha, nikaingiza jioni ile ile. Wiki tatu baadaye mtu mmoja akaandika, kwa upole mwingi kuliko nilivyostahili, kwamba kila akisahau nywila ya huduma fulani na kuomba nyingine, kiungo anachotumiwa hakifunguki. Huduma ile ilipitisha viungo vyake vyote kwenye jina lile, hata vya kubadilisha nywila. Kilichonitesa si kosa lenyewe. Ni zile wiki tatu. Katika muda wote huo watu walikuwa wakifungiwa nje ya akaunti zao, na walioilaumu orodha yangu hawakuwepo, kwa sababu hawakujua kama ipo. Waliilaumu barua pepe, wakailaumu simu, wengine nadhani walijilaumu wenyewe. Anayeweka orodha kwenye rauta ni mmoja; wanaoishi chini yake ni nyumba nzima, na aghalabu hakuna aliyewaambia.

Tangu siku hiyo sihesabu majina, nahesabu sababu. Kila jina kwenye orodha yangu lina mstari unaosema limeingia lini, limeonekana wapi, linafanya nini, nani amelijaribu na nini kilivunjika. Mstari huo haukai kwenye faili wanayopakua watu. Unakaa kwenye faili za asili ndani ya Git, mfumo unaotunza historia ya kila badiliko, na faili ya watumiaji hutengenezwa na skripti. Ukiona watu wanahariri moja kwa moja faili inayosambazwa, ujue hapo sababu zimeshapotea.

Orodha yako ina majina 280,000 na nadhani sababu hazifiki elfu tano. Usijaribu kuzitafuta zote. Ligawe fungu hilo kwanza kwa swali rahisi: lipi liko hai?

Hapa kuna mtego ambao karibu kila mtu hunaswa nao mara moja. Ukiendesha ukaguzi kwenye kompyuta iliyo nyuma ya Pi-hole yako mwenyewe, yenye orodha yako mwenyewe, utaambiwa majina yote yamekufa. Hakika yamekufa, umeyaua wewe! Tumia seva za DNS zisizochuja, na zaidi ya moja, kwa sababu baadhi ya majina hujibu tofauti kulingana na anayeuliza. Kisha tofautisha majibu. Jibu la NXDOMAIN ni kauli kwamba jina halipo, na RFC 8020, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 2016, iliweka wazi kwamba halipo pamoja na kila kilicho chini yake. Jina lililopo lakini halina anwani ni habari nyingine kabisa: mzazi, yaani jina la juu, anaweza asiwe na anwani na watoto wake, majina yaliyo chini yake, wakawa wanafanya kazi usiku na mchana. Na SERVFAIL, au ukimya, maana yake ni kwamba umeuliza siku mbaya, rudia. Mimi hukagua mara tatu, kwa nafasi ya wiki mbili mbili, na jina linaloitwa maiti mara zote tatu naliondoa. PyFunceble ilitengenezwa kwa kazi ya namna hii, lakini hata skripti fupi ya kwako inatosha, mradi iende taratibu. Ukituma maswali 280,000 kwa dakika chache seva za watu zitakufungia, na zitakuwa na haki.

Usiyatupe kabisa yaliyoondolewa. Yaweke kwenye faili ya marehemu, uikague kila baada ya miezi kadhaa, kwa sababu vikoa hufufuka. Anayefufuka si lazima awe yule yule. Jina lililokuwa la mfuatiliaji laweza kununuliwa na mtu asiye na hatia anayefungua duka, akashangaa mwaka mzima kwa nini baadhi ya wateja hawamwoni. Kinyume chake pia hutokea, na ni kibaya zaidi. Mwaka 2024 tovuti nyingi zilikuwa bado zinaita skripti kutoka polyfill.io, jina lililoaminika kwa miaka. Lilikuwa limebadilisha mmiliki, na mwezi Juni ikafichuka kwamba skripti ile sasa inawapeleka baadhi ya wageni kwenye tovuti za hovyo. Orodha za kuzuia zililiingiza haraka. Kwa hiyo sababu iliyoandikwa lazima iwe na tarehe. Jina ni lile lile, mwenyewe ni mwingine.

Usafi wa maandishi nitaupita haraka, maana ni kazi ya mashine. Herufi zote ziwe ndogo, nukta ya mwisho iondolewe, miisho ya mistari ya Windows isafishwe, majina yenye herufi zisizo za Kilatini yageuzwe kuwa Punycode, mwandiko wa herufi za kawaida unaoanza na xn--. Jina zima lisizidi herufi 253, na kila kipande kati ya nukta kisizidi 63. Kinachopita hapo kikataliwe bila mjadala. Halafu linganisha na Public Suffix List, orodha ya miisho ya majina ambayo watu wengi tofauti husajili majina yao chini yake, ile inayotunzwa chini ya Mozilla, ili asije mtu akaingiza github.io au co.uk nzima. Usicheke. Ombi la kuzuia cloudfront.net lote, ambayo ni seva za kusambazia mafaili zinazotumiwa na maelfu ya tovuti zisizojuana, nimelipokea zaidi ya mara moja, kutoka kwa watu wenye nia njema kabisa.

Jingine la mashine, ila hili si la usafi, ni la usalama. Mstari wa faili ya hosts, mjukuu wa ile HOSTS.TXT, una anwani na jina. Wote tumezoea kuona 0.0.0.0 upande wa kushoto hata macho hayasomi tena. Mtu akipenyeza mstari mmoja wenye anwani nyingine, na upande wa kulia jina la benki, hajazuia kitu. Amewaelekeza watu wako kwenye seva yake. Skripti yako isikubali anwani kutoka kwa mchangiaji yeyote. Chukua jina tu, anwani iandikwe na wewe. Hatari ya namna hii si hadithi ya kutishia watoto: mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba kipengele cha rewrite kwenye sheria za Adblock Plus, kiongezi cha kivinjari cha kuzuia matangazo, kingeweza, katika mazingira fulani, kumpa mtunza orodha nafasi ya kupenyeza msimbo kwenye kurasa za watu, na kipengele hicho kikaondolewa. Hakuna aliyewaza kwamba mtunza orodha ni mtu wa kuogopwa. Ni wa kuogopwa, ndugu yangu, na mimi na wewe tumo.

Tuje kwenye maombi yaliyolundikana. Yafunge yote. Andika ujumbe mmoja wa heshima kwamba orodha inapangwa upya na kila anayeona ombi lake bado lina maana alilete tena kwa utaratibu mpya. Theluthi mbili hayatarudi, nakutabiria, na yatakayorudi ndiyo yenye watu nyuma yake.

Utaratibu mpya usiwe fomu ya kurasa mbili. Mwombaji aseme ameliona jina kwenye ukurasa gani au programu gani, na kwa nini anaamini ni tangazo au mfuatiliaji. Wanaotuma majina elfu nne kwa mkupuo bila maelezo, washukuru na ukatae. Anayeomba jina moja, kwa hasira, la duka moja mahususi, mchunguze mara mbili: huenda ana haki, huenda duka ni la mshindani wake. Kisha fanya kazi yako. Fungua zana za wasanidi kwenye kivinjari, tazama ombi lenyewe. Linaitwa na tovuti nyingine au na mwenye jina peke yake? Linarudisha nini: picha ya nukta moja isiyoonekana, skripti, mnada wa nafasi za matangazo? Linaweka kuki yenye namba ndefu ya kumtambua mtu? Linaonekana kwenye tovuti tatu nne zisizohusiana? Ukipata ndiyo kwa mengi kati ya haya, lizuie kwenye mtandao wako mwenyewe kwa wiki moja kabla ya kuwapa wengine.

Majina yanayosumbua kweli ni yale yenye kazi mbili. Mengine hupokea ripoti za hitilafu na papo hapo hutuma mipangilio ambayo programu haiwaki bila hiyo. s.youtube.com ni mfano unaojulikana: ukilizuia, historia ya ulichotazama inaacha kujiandika, na mtumiaji hatakaa aunganishe mambo hayo mawili. googleadservices.com linapozuiwa, matokeo ya utafutaji yaliyolipiwa hayafunguki mtu anapoyabofya. Mimi nasema sawa, lakini mama anayebofya tokeo la kwanza kila siku ataona intaneti imekufa. Vile vile huduma zinazoonyesha kisanduku cha kuomba ridhaa ya kuki. Zuia jina la huduma hiyo na kwenye baadhi ya tovuti kisanduku hakitokei, ila ukurasa unabaki umefungwa, hausogei juu wala chini, ukisubiri jibu la swali ambalo halikuulizwa.

Kwa majina ya aina hii mimi nina orodha mbili. Ya kwanza ni pole, na ahadi yake ni kwamba unaweza kuiweka kwenye nyumba ya watu wasiojua lolote ukasafiri. Ya pili ni kali, na anayeichukua amekubali kwamba mara moja moja atafungua kumbukumbu za maswali na kuruhusu jina kwa mkono. Mbili zinatosha. Wapo wenye orodha saba, za matangazo, ufuatiliaji, telemetri, uchimbaji wa sarafu, na kadhalika, na muda wao mwingi huishia kubishana jina fulani likae kapu gani.

Kuna jambo moja ambalo lingekuwa somo peke yake: wafuatiliaji wanaovaa jina la mwenyeji. Novemba 2019 watu waligundua kwamba tovuti ya gazeti la Ufaransa, Libération, ilikuwa na kikoa kidogo f7ds.liberation.fr. Kwa macho ni mali ya gazeti. Ukiuliza DNS, jina lile lilikuwa rekodi ya CNAME, yaani lakabu, iliyoelekeza kwa eulerian.net, kampuni ya ufuatiliaji. Kivinjari kikaona mazungumzo ya ndani ya nyumba, kumbe mgeni amevaa kanzu ya mwenye nyumba. uBlock Origin, kiongezi kingine cha kuzuia matangazo, kwenye Firefox ikajifunza kufuata lakabu hizo, kwa kuwa Firefox huruhusu viongezi kuuliza DNS, Chrome hairuhusu. Pi-hole ikaongeza ukaguzi huo kwenye toleo la 5, mwaka 2020. Kwa orodha yako maana yake ni hii: ingiza mwisho wa mnyororo, yaani jina la mfuatiliaji mwenyewe, na wenye programu inayofuata lakabu watakuwa salama. Wanaotumia faili ya hosts tupu hawatalindwa mpaka uwawekee kila jina la bandia moja moja. AdGuard huchapisha orodha ya majina hayo ya kificho, na ni afadhali uwaelekeze watu huko kuliko kuifanya kazi hiyo upya. Kazi hiyo haina mwisho, kwa sababu jina la bandia hubadilishwa kwa mstari mmoja. Na mfuatiliaji akimwambia mwenye tovuti aweke anwani ya IP moja kwa moja badala ya lakabu, hakuna mnyororo wa kufuata tena. Hapo orodha ya majina imefika ukingoni, na kusema hivyo si aibu.

Baada ya uchambuzi wa binadamu, weka wavu wa mashine. Mimi nina faili ya majina yasiyozuilika kamwe: yale ambayo simu na kompyuta huyatumia kupima kama intaneti ipo, mfano captive.apple.com, connectivitycheck.gstatic.com na www.msftconnecttest.com, seva za saa, seva za kukagua vyeti, seva za masasisho ya mfumo. Ukizuia la kupima intaneti, simu inatangaza hakuna mtandao wakati upo, na utapokea malalamiko ya ajabu ambayo hutayaelewa. Halafu kila toleo jipya hulinganishwa na Tranco, orodha ya tovuti zinazotembelewa zaidi iliyotengenezwa na watafiti. Jina jipya likiwa mzazi wa chochote kilicho ndani ya 10,000 za mwanzo, utengenezaji unasimama hadi mtu wa pili aweke sahihi. Na toleo likitofautiana na lililopita kwa zaidi ya asilimia mbili, linasimama pia. Kanuni hii ya mwisho iliniokoa siku skripti yangu ilipokula nusu ya orodha kwa sababu ya mstari mtupu.

Malalamiko sasa. Swali la kwanza kumuuliza mlalamikaji si "kitu gani kimevunjika", ni "una orodha ngapi". Wengi wana kumi, na mara nyingi jina lililomkwaza halimo kwenye yako. Mfundishe njia hii: afungue kumbukumbu za maswali, afanye kile kinachogoma, atazame ni nini kimezuiwa dakika ile, aruhusu jina moja, ajaribu tena. Mweleze pia kwamba jibu la zamani laweza kubaki kwenye kache ya simu, asikate tamaa kwa jaribio la kwanza. Likiwa ni lako, na linahusu fedha, afya au kuingia kwenye akaunti, liondoe kwanza na uchunguze baadaye. Kwa hayo matatu sibishani. Wafuatiliaji wakipata nafuu ya siku mbili hakuna aliyekufa.

Utapata pia barua za kampuni. Agosti 2017 EasyList walipokea, kupitia GitHub ambako orodha yao inahifadhiwa, dai la DMCA, sheria ya hakimiliki ya Marekani, juu ya mstari mmoja tu, jina functionalclam.com, kwa hoja kwamba jina hilo lilikuwa sehemu ya mfumo wa kudhibiti kuingia kwenye maudhui. Waliuondoa mstari, wakaeleza hadharani kwa nini. Jifunze hapo. Andika mapema, kabla barua haijaja, ni nini kinaingiza jina na ni nini kinalitoa, na kila ombi la kampuni lijibiwe hadharani kwa vigezo hivyo hivyo. Anayetaka kuzungumza faraghani kuhusu kuondolewa, mwambie hakuna faragha. Anayetaja malipo, usimjibu.

Umeuliza kuhusu kuunganisha orodha za wengine. Ushauri wangu ni usifanye hivyo, na sababu ya leseni ndiyo ndogo, ingawa ipo: EasyList, kwa mfano, iko chini ya GPL toleo la 3 na Creative Commons yenye sharti la kushirikisha kwa namna ile ile, na huwezi kuchanganya kila kitu na kila kitu ukaweka leseni unayoipenda. Sababu kubwa ni makosa yasiyokufa. Fulani amechukua kutoka kwako, wewe umechukua kutoka kwake. Yeye akagundua jina si la mfuatiliaji, akalifuta. Wiki ijayo skripti yake inalikuta kwako, inalirudisha. Wewe ukilifuta, linarudi kutoka kwake. Kila mmoja ndiye ushahidi wa mwenzake. Niliwahi kufuatilia jina moja kupitia orodha tano bila kumpata aliyelianzisha. Orodha kubwa zipo na watu wanaweza kuzichukua wenyewe sambamba na yako. Wewe baki na kile ambacho wakubwa hawakioni: tovuti, programu na vifaa ambavyo watumiaji wako wanavitumia na wao hawana hata njia ya kuvijaribu. Ukibaki na majina 9,000 yenye sababu, sitashangaa, na ningeichukua orodha hiyo leo.

Usambazaji unahitaji maneno machache tu. Mwaka 2022 EasyList walielemewa na maombi kwa sababu ya kivinjari cha Android kilichokuwa na hitilafu: kilipakua orodha upya kila kilipofunguliwa. Weka kwenye kichwa cha faili yako muda wa kuisha, siku nne kwa mfano, hakikisha seva yako inajibu "haijabadilika" pale ambapo haijabadilika, na kwenye maelezo yako usimwelekeze mtu kuweka sasisho saa sita kamili usiku. Kila mtu atanakili mfano wako ulivyo, na saa sita usiku utaipata.

Na wale wenzako wawili waliojitoa: wana funguo bado? Leo, kabla ya jina moja kufutwa, ondoa ruhusa zao kwenye hifadhi, kwa shukrani na bila kinyongo, na uhakikishe uliobaki nao wana uthibitisho wa hatua mbili. Tafuta mtu mmoja wa pili, si lazima fundi, mwenye subira ya kusoma sababu na kusema "sijaelewa". Huyo atakufaa kuliko fundi mwenye haraka.

Ukiamua mwishowe kuifunga, usizime tu. Acha faili ya mwisho yenye maelezo mafupi na bila majina, ili vifaa vinavyoipakua vipate orodha tupu badala ya hitilafu. Na kama anwani ya faili hiyo ni kikoa mlichonunua wenyewe, endelea kukilipia miaka mingi baada ya kuacha kazi. Rauta zilizosahauliwa juu ya makabati zitaendelea kubisha hodi pale, na atakayekinunua baada yako ataandika anachotaka kwenye faili ambayo nyumba hizo zinaisoma bila kuuliza.